Kondoo wanahema na kutoka maji puani: je, ni saratani ya kuambukiza?

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mfugaji wa Nanjirinji, Kilwa. Nina kondoo arobaini na kitu, wale wa kichwa cheusi, wanalala zizi moja na mbuzi. Tangu mvua zilipokatika, majike manne wa umri wa miaka mitatu hivi wanakonda japo wanakula. Tukiwaswaga kwenda majini wanabaki nyuma wakihema, na wawili wakiinamisha kichwa wanachuruzika maji puani. Mbuzi wote wazima. Nimewachoma OTC (ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini) mara mbili, wakachangamka siku chache kisha wakarudi palepale. Mmoja ameshakufa, tukamfukia. Kijana wangu amesoma mtandaoni kwamba iko saratani ya mapafu ya kondoo inayoambukiza, na kwamba nikimnyanyua kondoo miguu ya nyuma nitaijua. Ni kweli? Hakuna kipimo cha damu? Na je, niwauze wote kabla hawajaniishia?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka: usiuze. Si hao watatu waliobaki tu, hata wazima waliolala nao wasubiri mpaka ujue una nini zizini. Huku Kusini tumeshaonja matokeo ya kuuziana wanyama wasiojulikana hali yao. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008, na miaka michache tu baadaye ikawa imeshafika Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Wachunguzi walipofuatilia nyayo zake, zikawapeleka kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Aliyewauza pengine naye alikuwa anawahi wasimwishie.

Sasa saratani yenyewe. Kijana wako hakudanganywa, ipo. Wafugaji wa Afrika Kusini waliijua tangu karne ya 19 na kuiita jaagsiekte, na jina hilo ndilo mtakalolikuta mkizidi kusoma. Imeandikwa Kenya, Uingereza, Hispania, Peru na kwingineko. Australia na New Zealand hawana. Dolly, yule kondoo wa Scotland aliyezaliwa 1996 kwa kunakiliwa kutoka chembe ya kondoo mwingine, saratani hii ndiyo iliyompeleka: walimlaza kwa dawa asiamke tena Februari 2003 baada ya picha za kifua kuonyesha uvimbe mapafuni. Watu wengi wanadhani alikufa kwa sababu ya kunakiliwa, kumbe ni virusi waliokuwa wakizunguka miongoni mwa kondoo wa hapo.

Virusi hao, wanaoandikwa kwa kifupi JSRV, huingia katika chembe zinazotandaza kuta za vifuko vya hewa ndani ya pafu. Kazi ya baadhi ya chembe hizo ni kutoa utelezi unaozuia vifuko visigandamane. Zikishavamiwa, zinaanza kuzaana bila mpango na kuendelea kutoa ule utelezi, tena kwa wingi. Ndiyo maana pafu linajaa maji na mapovu, na kondoo akiinamisha kichwa yanashuka puani. Maji hayo yamejaa virusi. Kondoo mwingine huambukizwa kwa kuvuta matone yake hewani, hasa wakibanana zizini usiku, na mwanakondoo huweza kuipata katika dang'a na maziwa ya mama yake. Toka kuambukizwa mpaka kuhema hupita miezi mingi, mara nyingi miaka, na wengi walioambukizwa huchinjwa au kufa kwa sababu nyingine bila kuonyesha lolote. Wanaougua sana ni wa miaka miwili hadi minne.

Ukilinganisha na barua yako utaona kwa nini nimekaa chini kukuandikia kirefu. Umri wa majike wako unaingia humo. Kukonda huku wanakula kunaingia. Kuhema wanaposwagwa, maji puani, dawa kusaidia kidogo kisha hali kurudi, yote yanaingia. Hata hili la OTC lina maelezo yake: pafu lenye uvimbe hushambuliwa kirahisi na bakteria, kwa hiyo sindano inaua bakteria, kondoo anapata nafuu, uvimbe unabaki ulivyo. Na mbuzi wako kuwa wazima kunanipa kitu. Ingekuwa sotoka, mbuzi ndio wangetangulia, tena kwa homa, tongotongo, vidonda vya mdomo na kuhara, na ndani ya wiki mbili ungekuwa unahesabu mizoga. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo isingewaruka mbuzi ikaangukia kondoo.

Hata hivyo sikuambii ndiyo. Dalili hizohizo zina wenyewe wengine walio wengi zaidi, na wa kwanza ni nimonia ya kawaida ya bakteria iliyotibiwa nusunusu. Mtu anachoma OTC sindano moja, kipimo cha kukisia kwa macho, kondoo anachangamka, anaachwa. Bakteria waliobaki wanajifungia kwenye majipu ndani ya pafu, na baada ya wiki tatu anahema tena. Wapo pia minyoo ya mapafu, ingawa hao hupenda zaidi wadogo kuliko majike wa miaka mitatu. Ipo maedi, ugonjwa mwingine wa virusi unaokakamaza mapafu ya kondoo wakubwa polepole, lakini huo hauna maji puani. Upo ugonjwa wa majipu ya tezi, ambao ukiingia ndani unamkausha mnyama bila homa. Pitisha vidole chini ya taya, mbele ya bega na mbele ya paja utafute uvimbe. Na lipo jambo ambalo wafugaji wenyewe hawapendi kuulizwa: mnanyweshaje dawa ya minyoo? Ukimnyanyua kondoo kichwa juu sana na kummiminia chupa kooni, nusu inaingia mapafuni, na wiki mbili baadaye una mgonjwa wa kifua uliyemtengeneza mwenyewe. Kama hao wanne walinyweshwa siku moja na mtu mmoja, niambie.

Kwa wenzako wa Mtwara na Nachingwea wanaolisha chini ya mikorosho niongeze jingine. Miezi ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, vumbi lile huchokoza macho na njia ya hewa ya mnyama sawasawa na linavyomchokoza mpulizaji. Kondoo atakohoa na kutoka makamasi. Lakini atakohoa na kundi zima, tena ataacha likikoma vumbi. Haliwezi kuchagua majike wanne.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kushuku, kwa barua yako ilivyo, unaanza na nimonia sugu na majipu, kisha saratani hii, kisha mengine. Saratani ingekuwa mbali zaidi nyuma kama si yale maji puani.

Anza na vitu ambavyo havikugharimu pesa. Alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla hujawafungulia, keti karibu na zizi uhesabu pumzi za mgonjwa mmoja na mzima mmoja kwa dakika nzima. Kwa joto la Kilwa, saa nane mchana kila kondoo anahema na hesabu haina maana. Alfajiri aliyetulia huvuta pumzi kati ya 15 na 30 kwa dakika. Mgonjwa wa pafu utamkuta amepita hapo, pua zimepanuka, ubavu unavutwa kwa nguvu hadi tumboni. Kisha mpime joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kati ya 38.5 na 39.5 ni kawaida, na akiwa 40.5 au zaidi asubuhi na ubaridi wake, ana homa, na homa inavuta mawazo yangu kwa bakteria. Saratani peke yake haileti homa wala kikohozi kikubwa. Mwisho weka sikio ubavuni, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Pafu lenye maji linachakarika, na kwa aliyezidiwa utasikia mapovu hata ukiwa umesimama pembeni.

Sasa lile la kunyanyua miguu ya nyuma. Linaitwa jaribio la toroli na ni la kweli. Mtu mmoja anashika miguu ya nyuma na kuinyanyua mpaka kiuno kiwe juu ya kichwa, mwingine anashika kichwa akiwa na bakuli safi. Yakitoka maji mepesi yenye mapovu kutoka matundu yote mawili ya pua, tena yakaendelea kutoka, karibu hakuna ugonjwa mwingine wa kondoo unaofanya hivyo. Huweza kuwa vijiko vichache, huweza kufika mamia ya mililita. Ila mkumbuke mambo mawili. Yasipotoka maji haimaanishi hana. Wengi wenye uvimbe mdogo hawatoi hata tone, na ipo aina inayojenga vivimbe vikavu isiyotoa maji kabisa. La pili, kondoo aliyezidiwa anaweza kufia mikononi mwenu, maana mnamzamisha kwa maji yake mwenyewe. Kwa hiyo ni sekunde chache tu, mara moja, kwa mmoja wa wale wanaochuruzika. Mkiona maji, mshusheni papo hapo. Makamasi mazito ya njano au ya kijani hayahesabiki. Hayo ni ya bakteria.

Kipimo cha damu ndicho kila mtu anachokiuliza, na jibu lake linakatisha tamaa. Magonjwa mengi ya virusi tunayanasa kwa kutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kupigana. Huku hakuna mapigano. Kondoo wote duniani huzaliwa wakiwa na nakala za jamaa wa virusi hawa ndani ya vinasaba vyao, urithi wa zama na zama, kwa hiyo mwili unamwona mvamizi kama mtu wa nyumbani na haumtengenezei silaha. Hakuna kingamwili za kutafuta. Kipo kipimo cha PCR kinachotafuta virusi wenyewe, lakini katika damu wako wachache mno, na kondoo mwenye uvimbe mkubwa anaweza kusomeka hana. Yale maji ya puani au kipande cha pafu ndivyo vinavyofaa kwa PCR. Akija mtu kukuuzia kipimo cha damu cha kukuhakikishia kundi lako ni safi, mpe chai aende zake.

Ulaya siku hizi madaktari wanapitisha mashine ya altrasaundi kwenye kwapa na ubavu wa kondoo, na uvimbe wa kuanzia sentimita moja au mbili uliogusa uso wa pafu unaonekana kabla mnyama hajaanza kuhema. Ni kazi nzuri kwa mkono uliozoea. Lakini uvimbe uliojificha ndani, wenye hewa pande zote, hauonekani, na jipu na uvimbe huweza kufanana. Kwa kondoo arobaini wa Nanjirinji sioni haja ya kuihangaikia.

Kinachotoa jibu ni mapafu yenyewe, yakiwa mezani. Ningekushauri umtoe mmoja kati ya watatu, yule aliyezidiwa zaidi, uamue kumpoteza kwa faida ya arobaini. Najua inauma, ila hatapona kwa vyovyote kama nashuku sawasawa. Mwite afisa mifugo wa kata na mpange siku, kwa sababu mzoga uliolala juani Kilwa kutoka asubuhi hadi adhuhuri hausomeki tena. Mapafu yanakuwa mekundu na yenye maji hata kwa kondoo aliyekuwa mzima. Afunguliwe ndani ya saa moja ya kufa. Daktari akiwa na dawa ya kumlaza ni bora zaidi kuliko kisu. Ukichinja kwa kisu, kondoo huvuta damu yake kooni, na pafu linajaa madoa mekundu yanayomchanganya msomaji. Ikibidi kuchinja, basi aandike kwenye fomu kwamba alichinjwa.

Tahadhari moja kabla ya kisu. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, haguswi. Hicho huweza kuwa kimeta. Huyo wetu hafi ghafla, lakini vaeni glavu na mabuti, na watoto wasisogee.

Kifua kikishafunguliwa, angalia kwanza kabla ya kushika. Pafu zima linasinyaa hewa ikiingia. La saratani hii linabaki limejaa, pengine na alama za mbavu juu yake, na ukilinyanyua unalihisi mkononi kabla ya macho: uzito huweza kuwa mara mbili au tatu ya kawaida. Pasua koo la hewa kwa urefu. Limejaa povu jeupe. Sehemu zilizoathirika, mara nyingi za mbele na chini, zina rangi ya kijivu inayoelekea zambarau, ngumu kama ini, na mpaka kati yake na pafu zima uko wazi, huhitaji kuutafuta. Kata, bana kwa vidole: unatoka utelezi wenye mapovu. Ukibana ukatoka usaha, tunarudi kwa bakteria, ingawa vyote viwili huweza kukaa pamoja na usaha ukaficha uvimbe. Ile desturi ya kutupa kipande cha pafu kwenye ndoo uone kama kinazama haisaidii hapa. Pafu lenye nimonia linazama, la saratani linazama.

Povu kooni nalo lisikubebe. Kusini tuna kupe wengi, na maji moyo huua kondoo kwa kujaza mapafu maji na koo povu vilevile. Tofauti ni kwamba pafu la maji moyo ni laini na limelowa lote, halina uvimbe, mfuko wa moyo una maji ya njano, na mnyama alikufa ndani ya siku chache akiwa na homa, pengine akizungukazunguka au kupigapiga miguu. Wako wamekonda kwa wiki nyingi. Tafuta minyoo pia: myeupe, myembamba, mirefu ya sentimita kadhaa, ndani ya koo na matawi yake. Hiyo ukiikuta huna haja ya maabara kuitambua.

Macho hata ya mzoefu hayatoshi. Anayethibitisha ni mtu wa darubini. Katwe vipande visivyozidi unene wa sentimita moja, vitano hivi, kutoka sehemu tofauti, na kila kimoja kichukuliwe pale mpakani ili kiwe na nyama mbaya na nzuri pamoja. Kipande cha katikati ya uvimbe mara nyingi kimekufa na hakisemi kitu. Viingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, nyingi mara kumi ya nyama, kwenye chupa ya mdomo mpana. Fomalini kidogo ni sawa na kutoweka kabisa. Vipande vingine viwili vitatu, na tezi za kati ya mapafu, viwekwe bila fomalini kwenye kisanduku cha barafu, kwa ajili ya PCR na kuotesha bakteria. Vile vya kuotesha bakteria visigandishwe. Kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, kipo Mtwara na kinahudumia mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara. Afisa wako apige simu kabla ya kutuma, aulize kama vipande vitasomwa hapo au vitapelekwa Temeke, Dar es Salaam, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, maana sampuli iliyosafiri Ijumaa na kupokewa Jumatatu kwenye barafu iliyoyeyuka ni kondoo aliyekufa bure. Kwenye fomu aandike historia yote uliyoniandikia, pamoja na OTC. "Kondoo anahema" peke yake humfanya msomaji atafute vitu kumi.

Wakati unasubiri, watenge hao wawili wengine, walale mbali na wasinywe birika moja na kundi. Zizi la usiku lipanue. Kubanana ndiko kunakowapa virusi na bakteria nafasi. Wana wa majike hao, hata wakipendeza vipi, usiwaweke kuwa mbegu. OTC iache, isipokuwa kwa mwenye homa aliyepimwa na kuandikiwa dozi kamili kwa uzito wake.

Kuhusu nyama: virusi hawa hawajulikani kumwambukiza binadamu, kwa kula wala kwa kushika. Lakini mnyama aliyekonda hivyo, mwenye dawa mwilini, hafai kuliwa hata kama mapafu yametupwa. OTC ya aina inayokaa mwilini muda mrefu inataka karibu wiki nne kabla ya kuchinja kwa chakula. Soma karatasi ya chupa yako. Fukieni kwa kina mbwa wasifukue.

Majibu yakija kuwa ni bakteria au minyoo, una bahati, tutapanga tiba na chanjo au dawa. Yakija kuwa ni saratani, hakuna tiba na hakuna chanjo. Iceland waliingiziwa ugonjwa huu mwaka 1933 na kondoo wa Karakul kutoka Ujerumani, na wakaumaliza kufikia 1952 kwa kuchinja makundi mazima na kuacha maeneo wazi kabla ya kurudisha kondoo safi. Kile ni kisiwa. Kwako, mifugo inakokutana majini na ya jirani, kuchinja arobaini ni kujifilisi halafu kuambukizwa upya. Utakachofanya ni kumtoa kila anayeanza kuhema siku ileile, bila kumpeleka mnadani, kutobadilishana madume, na kutunza kumbukumbu ya nani mwana wa nani. Hasara itabaki, ila itakuwa ndogo ndogo.

Swali moja hukuligusa, nami nataka jibu lake kabla ya lolote: dume lako ulilitoa wapi, na huko lilikotoka wenyewe wanasemaje kuhusu kondoo wao?